Bwanangu ataka tuache runinga, na mamake anatazama taarifa ya Nairobi kila jioni

Kwako mshauri, asalaam aleikum.

Tunaishi Leicester, mimi na bwanangu, watoto watatu wa miaka 14, 10 na 6, na mavyaa wangu mwenye miaka 77 aliyetoka Mombasa. Tangu mwaka jana bwanangu hana wimbo mwingine ila kwamba runinga ya Uingereza imekwisha. Mchana kutwa ni nyumba za mnada, usiku mashindano ya mapishi na tamthilia zisizo mwisho, na kikitokea kizuri kinarudiwa mpaka kinachosha. Anasema zamani mtu alikaa kutazama akainuka amejifunza kitu. Mimi nasema anatia chumvi. Marehemu babangu hakuwa na runinga, lakini hakukosa hata siku moja Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na siamini shirika lile lile leo limekuwa takataka.

Wiki sita zilizopita aliingia kwenye akaunti ya benki akasimamisha makato ya leseni ya televisheni, ile ada ya mwaka inayoiendesha BBC, bila kumwambia mtu. Zimeshakuja barua tatu, ya mwisho ina maandishi mekundu. Runinga bado iko ukutani, antena imechomekwa, watoto wanatazama wakirudi shule, na yeye mwenyewe Jumamosi hutazama kandanda. Mavyaa hana haja na runinga ya sebuleni. Ana kishikwambi chake, na kila jioni anafungua YouTube kutazama taarifa ya habari ya saa moja usiku kutoka Nairobi, mubashara. Bwanangu anasema hiyo haihusiani na leseni kwa kuwa si chaneli ya hapa.

Nina maswali mawili. Kama tunaacha, tuacheje bila kuingia matatani? Na kwenye hili la ubora, nani kati yetu asema kweli?

Mama wa watatu, Leicester

JIBU

Waaleikumu salaam, dada. Naanza na kishikwambi cha mavyaa wako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari ya leo jioni. Ubishi wa ubora unaweza kungoja.

Sheria ya Mawasiliano ya 2003 haiulizi chaneli ni ya nchi gani wala inasema lugha gani. Inauliza kama mtu aliye ndani ya nyumba ile anatazama au anarekodi kipindi cha televisheni wakati kinaporushwa. Taarifa ya saa moja usiku ya Nairobi, ambayo Leicester huingia saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi na saa kumi wakati wa baridi, ni kipindi cha televisheni kinachorushwa wakati huo huo. Kikiingia kwa dishi, kwa YouTube au kwa simu, kinahitaji leseni kama vile habari za BBC One. Hapo bwanako amekosea, na ndipo Waswahili wengi wa Uingereza wanapokosea. Mtu hana antena, hana king'amuzi, anaamini yuko salama, kumbe kila jioni anafungua chaneli ya nyumbani mubashara.

Cha pili kinachohitaji leseni ni iPlayer ya BBC, ile programu yao ya kutazama vipindi kwa intaneti, kwa matumizi yoyote, hata kipindi cha mwaka juzi. Mlango huo ulifungwa 1 Septemba 2016. Nje ya hayo mawili mko huru. Kuwa na runinga ukutani si kosa. Filamu za kulipia kwa mwezi, diski, michezo ya kompyuta, video za kawaida za YouTube, na vipindi vilivyokwisha kurushwa ndani ya programu za ITVX, Channel 4 na 5, vyote havidai leseni. Harusi ya Mombasa ambayo ndugu anawarushia kwa simu nayo si kipindi cha televisheni. Na redio haihitaji chochote: leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971.

Sasa, alichofanya bwanako ni kukata makato huku matumizi yakiendelea, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Leseni inayolipwa kwa mwezi inaweza kufutwa malipo yakikatika, na tangu siku inapofutwa kila dakika ya kandanda ya Jumamosi ni kosa la jinai. Faini yake hufika pauni 1,000, ukiacha gharama za mahakama. Huenda bado hamjafika huko. Ingieni leo kwenye tovuti ya TV Licensing, wanaokusanya ada ya leseni, kwa namba ya leseni iliyoko juu ya barua, muone kama leseni ingali hai na inaisha lini. Kama iko hai, rudisheni makato kwa sasa na mjipange. Kama imefutwa, chagueni leo leo: mnunue nyingine, au mzime vyote vya mubashara, pamoja na kishikwambi cha bi mkubwa.

Jambo la mlango ulijue wewe hasa, maana wewe na mavyaa ndio mnaoshinda nyumbani. Afisa wa TV Licensing akija, anayehojiwa ni mtu mzima aliyefungua mlango, na anaweza kuwa ndiye atakayeshtakiwa hata kama makato yalikuwa kwenye akaunti ya mumewe. Wengi wa wanaohukumiwa kwa kosa hili ni wanawake, na kukutwa nyumbani ni mojawapo ya sababu. Afisa hana haki ya kuingia bila ruhusa yako isipokuwa ana hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu. Una haki ya kudai kitambulisho chake, na huna sababu ya kutia saini maelezo usiyoyaelewa. Mwambieni mavyaa kwamba akisikia kengele na hamupo, asifungue wala asieleze chochote kwa Kiingereza cha kubahatisha. Ikija karatasi ya mashtaka kwa posta, mna siku 21 za kujibu. Msiiweke juu ya friji pamoja na vipeperushi vya piza.

Kuhusu bei: kwa mwaka ulioanza 1 Aprili 2025 leseni ilikuwa pauni 174.50. Makato ya mwezi yana hesabu ambayo watu wengi hawaijui. Leseni ya kwanza hulipwa yote ndani ya miezi sita, kwa bei hiyo takriban pauni 29 kila mwezi. Baada ya hapo inashuka hadi pauni 14.54, lakini tangu siku hiyo unalipia leseni ya mwaka ujao kabla haijaanza. Ndiyo maana aliyelipa kwa miaka mingi, akiacha vizuri, mara nyingi ana pesa za kurudishiwa. Akikata tu benki, hakuna atakayemwita kumpa.

Kuacha vizuri kunakwenda hivi. Kwanza zimeni matumizi yote ya mubashara na iPlayer. Kisha ingieni kwenye tovuti, mtoe tamko kwamba leseni haihitajiki, na muombe marejesho. Iwe umebaki angalau mwezi mzima mmoja kwenye leseni, kwa sababu marejesho huhesabiwa kwa miezi kamili: mkizima tarehe 2, mwezi huo wote umeliwa, kwa hiyo zimeni mwisho wa mwezi. Makato ya benki yawe ya mwisho kuondolewa, baada ya barua ya kuthibitisha kufika. Tamko hudumu kama miaka miwili, halafu watauliza tena. Hamlazimiki kisheria kulitoa, lakini kwa nyumba yenye mzee anayeogopa bahasha nyekundu, ningelitoa.

Mna mlango mwingine mnaoweza kuutazama. Leseni hufuata anwani, na mwenye miaka 75 na zaidi hupata leseni ya bure inayofunika nyumba nzima, ila tangu 1 Agosti 2020 sharti awe yeye au mwenzi wake anapokea Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Kabla ya kufikiria hilo, someni masharti ya viza yake. Kama imeandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma, msiombe Pension Credit kabisa. Bei ya leseni si kitu mbele ya matatizo ya uhamiaji.

Tuje kwenye runinga yenyewe. Watu hudhani wameacha kwa sababu wameamua, lakini runinga nyingi ukiiwasha inafungua moja kwa moja chaneli ya mwisho. Mtoto wa miaka 6 anabonyeza kitufe chekundu, katuni zinaanza, na nyumba imeshavunja sheria kabla chai haijachemka. Chomoeni waya wa antena nyuma, ule mnene wenye pini moja katikati. Halafu ingieni kwenye mipangilio mtafute chaneli upya huku waya haupo. Itatafuta, haitapata kitu, na orodha ya zamani itafutika. Mkiruka hatua hii ya pili, mtu akirudisha waya kwa bahati mbaya chaneli zote zinarudi. Kama mna dishi, fungueni kwa mkono waya unaoingia king'amuzini.

Runinga mpya zina mtego zaidi. Tangu Aprili 2024 kuna Freely, inayoleta chaneli za kawaida kwa intaneti bila antena kabisa. Kuchomoa waya hakuisimamishi, kwa hiyo nendeni kwenye mipangilio muizime, au muagize runinga ifunguke kwenye ukurasa wa programu. Zile chaneli za bure zinazokuja na runinga yenyewe, zinazokwenda mfululizo usiku na mchana, ziwekeni kundi moja na mubashara, mziache. Futeni iPlayer kwenye runinga, na kwenye simu na vishikwambi vya watoto pia, maana wanayo tayari na inauliza swali moja tu la leseni ambalo mtoto hujibu ndiyo. ITVX na Channel 4 zibaki, lakini ndani yake kuna safu ya chaneli za wakati huo huo, na mkubwa wa miaka 14 aoneshwe ile alama ya mubashara ili aijue. Na mkiwa na mkataba wa chaneli za kulipia, huo ni mwingine kabisa na una notisi yake. Kuacha leseni hakuusimamishi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi hawalitarajii. Kwenye matangazo ya kawaida kuna mpaka wa saa tatu usiku: kabla yake, vipindi visivyofaa watoto haviruhusiwi. Mkihamia vipindi vya kuchagua, mpaka huo haupo tena. Kipindi cha saa nne usiku kinafunguka saa kumi jioni. Wekeni namba ya siri kwenye kila programu siku ile ile mnayochomoa waya.

Sasa ule ubishi wenu. Nimeusoma mara mbili, na naona kila mmoja ameleta ushahidi usiomgusa mwenzake.

Anza na wewe, dada. Idhaa ya Kiswahili ilianza 27 Juni 1957, na kwa miongo mingi matangazo ya dunia ya BBC yalilipwa na serikali kupitia wizara ya mambo ya nje. Alichokisikiliza marehemu babako hakikutokana na leseni ya Leicester, wala hakikuwa televisheni. Mambo yaligeuka Aprili 2014, matangazo ya dunia yalipohamishiwa kwenye mfuko wa leseni, na serikali ikaja kuongeza ruzuku baadaye. Kwa hiyo leo ndipo pauni zenu zinaposaidia Kiswahili, na ndipo ukata ulipoingia: Januari 2023 redio ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza mwaka 1938, ilizimwa. Ukitaka hoja yenye nguvu ya kulipa leseni, hiyo ndiyo, lakini ni hoja ya redio na ya kule nyumbani. Haijibu malalamiko ya bwanako kuhusu Jumanne mchana kwenye BBC One.

Yeye naye anapima vibaya. Anachukua kilele cha zamani anakipima na siku ya kawaida ya leo. Wanaosifu zama za dhahabu hutaja makala kubwa tatu: "Civilisation" ya Kenneth Clark mwaka 1969, "The Ascent of Man" ya Jacob Bronowski mwaka 1973, na "Life on Earth" ya David Attenborough mwaka 1979. Kila moja ilikuwa na sehemu 13. Jumla ni vipindi 39 ndani ya miaka kumi. Kati ya hivyo kulikuwa na maelfu ya saa ambazo hakuna anayezikumbuka kwa kuwa hazikustahili. Tena zama hizo BBC ilirusha "The Black and White Minstrel Show", wazungu waliojipaka masizi usoni wakiimba na kujifanya watu weusi, kuanzia 1958 mpaka 1978. Miaka ishirini, saa za familia, na malalamiko yaliyopelekwa 1967 hayakuiondoa. Mtu mweusi anayesema televisheni ya zamani ilikuwa bora, hilo nalo alihesabu.

Hata hivyo hajaota. Kuna kitu kilibadilika, na sababu zake zinajulikana. ITV ilipoanza 22 Septemba 1955, BBC iliishi kwa leseni na ITV kwa matangazo ya biashara, na hakuna aliyekula sahani ya mwenzake. Kamati ya Pilkington ya 1962 iliisema ITV vikali kwa upuuzi wa vipindi vyake, na chaneli ya tatu ikapewa BBC: ndiyo BBC2 ya 1964. Channel 4 ilipozaliwa 1982, matangazo yake yaliuzwa na kampuni za ITV, kwa hiyo nayo ilikuwa na nafasi ya kurusha vipindi vya watu wachache bila kuhangaikia soko. Watu walishindana kwa kazi, kwa kuwa hawakuwa wakigombea pesa ile ile.

Sheria ya Utangazaji ya 1990 ndiyo iliyovunja sahani hizo. Leseni za maeneo ya ITV, yaani haki ya kampuni kurusha vipindi katika kila eneo, zikapigwa mnada. Eneo lenu la Midlands lilikuwa la Central. Hawakuwa na mpinzani, wakaweka pauni 2,000 kwa mwaka na wakapata. Jirani zao wa Yorkshire waliahidi zaidi ya pauni milioni 37 kwa mwaka. Jiulize fedha hiyo ilitoka wapi: ilitoka kwenye bajeti ya vipindi ikaenda hazina. Tangu 1993 Channel 4 nayo ikaanza kujiuzia matangazo yenyewe. Sky, televisheni ya kulipia ya dishi, ilikuwa imeingia 1989, na 1992 ikachukua ligi kuu ya kandanda. Kila mmoja sasa anagombea mtazamaji yule yule.

BBC nayo ilibanwa kwa njia yake. Leseni iliganda kwenye pauni 145.50 kutoka 2010 mpaka 2017, kisha ikaganda tena kwenye pauni 159 kutoka 2021 mpaka 2024, huku bei za vitu zikipanda na mizigo kama matangazo ya dunia ikiongezwa juu yake. Shirika likiwa na saa nyingi za kujaza na fedha kidogo, hununua saa za bei nafuu. Kipindi cha mnada wa nyumba hakina waigizaji wala watafiti wa miaka mitatu: kina mtangazaji, kamera, na nyumba ambayo mwenyewe ataitengeneza kwa pesa zake. Bwanako akisema mchana kumejaa nyumba za mnada, anaona sawasawa. Hajaangalia sababu tu.

Na kilele bado kipo. Januari 2024, usiku nne mfululizo, ITV ilionyesha tamthilia ya "Mr Bates vs The Post Office", kuhusu wakuu wa posta ndogo zaidi ya 900 waliohukumiwa kati ya 1999 na 2015 katika kashfa ya mfumo wa kompyuta wenye kasoro. Magazeti yalikuwa yameandika habari hiyo kwa miaka. Baada ya tamthilia, serikali iliharakisha, na Mei mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Televisheni ya nchi chache imewahi kufanya hivyo. Lakini ITV walisema tamthilia hiyo iliwatia hasara, kwa sababu habari ya posta ya Uingereza ni ngumu kuuza nje. Ukiunganisha hayo mawili unaona ugonjwa wa sasa: kazi iliyo bora kwa Waingereza ndiyo ngumu kuuza, na inayouzika dunia nzima inaweza kupigwa picha popote.

Penye kushuka bila ubishi ni kwa watoto. Chaneli ya watoto ya ITV ilifungwa Septemba 2023 na vipindi vyake kuhamishiwa intaneti. Zilizobaki imara bila matangazo ya biashara ni CBBC na CBeebies za BBC, zilizoanza 2002, na hizo zote zinahitaji leseni. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 6, hicho ndicho kitu ghali zaidi mtakachopoteza, ghali kuliko kandanda. Masomo ya BBC Bitesize yanabaki, hayadai leseni.

Msiendelee kubishana kwa kumbukumbu. Chukueni ratiba ya wiki moja ya BBC One, BBC Two, ITV, Channel 4 na 5, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Ni saa 175. Kila mmoja na kalamu yake, peke yake, atie alama: duara kwa kipindi kipya kilichohitaji utafiti au ufundi, mstari kwa habari na michezo, na msalaba kwa marudio na vijazo. Wiki hiyo hiyo bandikeni karatasi kando ya runinga, na anayeiwasha aandike saa, kipindi, na kama alikitafuta au alikikuta tu. Kisha wekeni karatasi hizo pamoja. Natarajia mtakuta duara si chache, na kwamba karibu hamna hata moja mliyoitazama, kwa sababu nyingi ziko BBC Two saa tatu usiku mkiwa mnalaza watoto na kuosha vyombo. Hapo mtajua kama tatizo ni utangazaji wa Uingereza au ni mazoea ya sebule yenu.

Hesabu nayo fanyeni. Saa tano za maana kwa wiki kwa nyumba nzima ni saa 260 kwa mwaka, na kwa bei ile ya 2025 ni sawa na peni 67 kwa saa. Saa moja tu kwa wiki ni zaidi ya pauni 3.35 kwa saa, na hapo bwanako ana hoja ya fedha.

Ushauri wangu ni kwamba mrudishe leseni kwanza, halafu mkae wiki nne bila runinga huku imelipiwa, ili kosa dogo lisiwe jinai. Betri za rimoti zitolewe ziwekwe kwenye droo ya jikoni. Yasogezeni makochi yasitazame ule ukuta. Makochi yakibaki vilevile, watu watakaa wakitazama kioo cheusi na mikono itaenda kwenye simu. Saa mbili baada ya shule ndizo zitakazowashinda. Mkubwa atahamia kwenye simu siku ya pili, na mkiliacha hilo, mmebadilisha kioo kikubwa kwa vitatu vidogo. Kwa hiyo simu ziwe na saa zake tangu siku ya kwanza, na jikoni kuwe na redio ya kidijitali (DAB) inayozungumza. Jioni mbili kwa wiki chagueni kipindi kabla ya kuwasha, zimeni kinapoisha, na uondoeni ule mpangilio wa kuendelea chenyewe na kipindi kinachofuata.

Kandanda ndilo litakalompima bwanako. Mechi ya mubashara bila leseni hakuna, hata kwenye simu yake. Leseni ya jirani inafunika nyumba ya jirani, kwa hiyo akaribishwe huko. Kombe la Dunia ni katika mashindano ambayo sheria inayalinda yaonyeshwe bila malipo ya ziada, na la 2026 BBC na ITV waligawana mechi. Ratiba yake ilikuwa 11 Juni hadi 19 Julai, kwa hiyo iligusa miezi miwili ya leseni. Aihesabu miezi kama hiyo kabla hajatia saini tamko.

Wiki nne zikiisha, mkiona mmekaa vizuri, acheni kwa utaratibu nilioueleza. Lakini mavyaa wako asiondolewe kwenye taarifa yake kwa amri ya mwanawe. Chaneli nyingi za Nairobi huweka taarifa nzima au vipande vyake kwenye YouTube baada ya kumalizika, na hiyo haihitaji leseni. Keti naye jioni tatu, umwonyeshe ukurasa wa video zilizokwisha, uuwekee alama kwenye uso wa kishikwambi, na umfutie ile njia ya mkato ya mubashara aliyoizoea. Ataipata habari ile ile kwa kuchelewa saa moja au mbili. Akikataa, kwamba taarifa ni ya saa yake au si taarifa, basi lipeni leseni kwa ajili yake, na runinga ya sebuleni iendelee kuzimwa.